Wakili aliyenishughulikia baada ya kugongwa na gari likatoroka

Niligongwa na Probox nyeupe nikivuka barabara ya Malindi, pande za Bamburi, Mombasa. Dereva hakusimama. Sheria ya Trafiki inamtaka asimame, na kama hakuweza kutoa jina lake pale pale, apige ripoti polisi ndani ya saa 24. Huyu alikanyaga mafuta akaniacha na mguu umevunjika chini ya goti.

Wa kwanza kunifikia alikuwa broka, yaani mtu wa kuwatafutia mawakili wateja. Nilikuwa bado wodini alipokuja na karatasi ya kutia sahihi, akisema wakili wake hataki hata shilingi, atakata tu asilimia 30 fidia ikitoka. Nikamwambia angoje nitoke. Ndugu zangu, makubaliano ya aina hiyo, kwamba wakili alipwe tu akishinda, Sheria ya Mawakili ya Kenya haiyatambui. Na broka mwenyewe si wakili, hata avae tai namna gani.

Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja wakili mwenye ofisi mjini. Kabla ya kwenda nilitafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya, ambako unaona kama wakili ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Anacho.

Nilichompendea ni kwamba hakuniahidi kitu. Alianza na swali moja: gari lina nambari gani? Bima ya lazima ya gari hulipa kupitia mwenye gari. Gari lisipojulikana hakuna wa kushtaki, na kampuni ya bima haina la kujibu. Akasema waziwazi kwamba nambari isipopatikana, yeye hatachukua pesa zangu.

Basi kazi ikawa kutafuta nambari. Karibu na pale pana kituo cha petroli chenye kamera. Meneja alikuwa amemkatalia mpwa wangu, akitaka polisi. Mama akamwandikia afisa wa trafiki anayeshika faili, akitaja nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na picha zikatolewa. Tukafanya utafutaji NTSA, mamlaka inayosajili magari, tukapata jina la mwenye gari. Bwana huyo akaja juu: gari alishaliuza zamani! Kumbe logibuku, hati ya umiliki wa gari, haikuhamishwa. Mama hakutetereka. Kisheria, aliyeandikwa kwenye rekodi ndiye huhesabiwa mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo, kwa hiyo akawashtaki wote wawili, bwana huyo na mnunuzi.

Barua kwa kampuni ya bima alizipeleka mapema. Ilani ya kesi lazima iwafikie ndani ya siku 30 tangu kesi kufunguliwa, na ukikosa hapo unaweza kushinda kortini halafu bima ikakataa kulipa. Kesi yenyewe ina miaka mitatu tangu ajali, na bima hiyo haivuki shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Haya yote alinieleza kwa Kiswahili, bila kunitisha kwa vifungu.

Bima ikakubali kuelewana kabla ya kesi kusikizwa. Pesa zilipitia akaunti ya wateja ya ofisi, nikapewa hesabu iliyoandikwa: ada yake, gharama za korti, ripoti ya daktari, kilichobaki changu. Najua watu waliolipwa wasijue bima ilitoa ngapi.

Kasoro zipo. Simu hapokei, karani ndiye anayejibu, na jibu lake siku zote ni "faili iko mezani." Ada ya kufungulia faili na gharama za korti nilizitoa mfukoni mapema, na kwa mtu aliyekaa bila kazi zinauma. Asiye na uwezo ajaribu kwanza shirika la Kituo cha Sheria, wanasaidia bila malipo.

Nampa nyota nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu ofisi iko orofa ya tatu, lifti ni mbovu, na wateja wake wengi tunatembea kwa magongo.