ldap3 ya Python na vyeti vya klaienti: nyota 4, moja nimeing'oa makusudi

Kama una kodi ya Python inayoongea na seva ya LDAP (seva ya kutunza orodha ya watumiaji na taarifa zao) na watu wa seva wameng'ang'ania kila programu ije na cheti chake, anza na laibrari ya ldap3. Imeandikwa Python tupu, unapiga pip install imeisha, si kama python-ldap inayotegemea laibrari za C za OpenLDAP, ukiwa Windows utatoka jasho.

Upande wa vyeti imekaa poa sana. Unatengeneza objekti ya Tls (TLS ndiyo inayofunga mawasiliano yasisomwe njiani) unaipa faili tatu, local_private_key_file ufunguo wako wa siri, local_certificate_file cheti chako, ca_certs_file cheti cha CA (mtoa vyeti) iliyosaini cheti cha seva, na ufunguo ukiwa na paswedi kuna local_private_key_password. Hiyo Tls unaipachika kwenye Server (objekti ya seva), poti 636, use_ssl=True, basi. Kule python-ldap unaseti opsheni moja moja na OPT_X_TLS_NEWCTX lazima ije mwisho kabisa, la sivyo ulizoseti juu zinaweza zisishike na hakuna anayekwambia.

Sasa nyota niliyong'oa. validate, ile ya kuamua kama cheti cha seva kikaguliwe, inakuja ikiwa CERT_NONE, yaani usipoigusa inaunganisha na seva yoyote hata ya tapeli, na ile ca_certs_file uliyoweka kwa mbwembwe haikaguliwi chochote. Weka ssl.CERT_REQUIRED kabla hujaandika kingine. Jamani kitu cha usalama unakiachaje mlango wazi halafu ufunguo unamwachia mgeni autafute mwenyewe??

Na kingine kinachochanganya watu wengi (hapa laibrari haina kosa): kuonyesha cheti si kuingia. Cheti kinapita kwenye TLS, bind (kujitambulisha kwa seva ya LDAP) ni habari nyingine, kwa hiyo kwenye Connection weka authentication=SASL na sasl_mechanism=EXTERNAL, yaani seva ikutambue kwa cheti kilichopita kwenye TLS, ukiacha hivi hivi bila yuza wala paswedi unaingia kama mtu asiye na jina, kila kitu kinaonekana sawa ila ukitafuta kitu unaweza kupata majibu matupu. Ukishabind ita conn.extend.standard.who_am_i() uone seva inakutambua kama nani. Ikikataa EXTERNAL usikimbilie kubomoa kodi, kwenye seva ya OpenLDAP seti ya TLSVerifyClient ya kuanzia ni never, seva hata haikuombi cheti, mwambie admini aweke demand kwanza ndo uendelee.