Dhahabu au grafini: upake nini kwenye faiba ya kunasa protini?

Faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, ikiwa tupu haioni protini vizuri. Mwanga unaopita ndani yake huchungulia nje kwa umbali mdogo mno, chini ya mikromita moja, na molekuli chache zikitua hapo badiliko halipimiki kwa urahisi. Kwa hiyo hupakwa tabaka la nano, yaani jembamba mno, la dhahabu au la oksidi ya grafini (kaboni yenye oksijeni, katika vipande vyembamba mno), na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Kwa uthabiti, dhahabu iko mbele. Haishiki kutu, na molekuli zenye salfa hung'ang'ania juu yake, kwa hiyo kufunga kingamwili, ambazo ndizo hunasa protini inayotafutwa, ni kazi iliyozoeleka. Chembe zake ndogo hufyonza mwanga wa karibu nanomita 520. Protini ikinaswa, kilele cha ufyonzaji huo husogea na spektromita, kifaa cha kupima rangi za mwanga, hukiona. Ila chembe hizo zikikutana na chumvi kabla ya kulindwa, hugandamana na kazi inaharibika.

Oksidi ya grafini hutokana na grafiti, madini ya bei nafuu, na eneo lake ni pana: kingamwili nyingi hupata pa kushika. Tatizo lake ni ukarimu uliozidi. Hushika pia albumini, protini ambayo imejaa katika damu, na ishara ya uongo kwa mgonjwa si jambo dogo.

Matunzo? Karibu sawa; kingamwili ndizo zinazodai friji.

Ukipima seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) ya wagonjwa, mimi ningeanza na dhahabu. Sampuli zako zikiwa zimesafishwa na bajeti ni finyu, oksidi ya grafini inakufaa. Wapo pia wanaopaka zote mbili, wakikubali hatua za ziada za maandalizi.