Uzoefu wangu: kisanduku cha kadi za kufundishia Tangazo la Uhuru la Marekani

Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na muhula huu nimetumia kisanduku cha kadi kilichoandaliwa ili kuwasaidia wanafunzi kuelewa kwa nini makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika ya Kaskazini yalijitenga na Mfalme George III mwaka 1776. Nilikinunua katika duka la vifaa vya shule pale Ngamiani. Ndani mna kadi za matukio, kadi za malalamiko yaliyomo katika Tangazo lenyewe, ramani na kijitabu cha mwalimu, vyote kwa Kiswahili fasaha, jambo lenye uzito kwa vijana wanaofanya mitihani kwa Kiingereza lakini wakibishana hubishana kwa Kiswahili. Karatasi ya kadi ni nyepesi mno. Afadhali kuzipiga leminesheni kabla hazijaingia darasani.

Kazi ya kwanza ni kupanga matukio kuanzia 1763, Uingereza ilipotoka katika Vita vya Miaka Saba ikiwa na deni kubwa. Wanafunzi wengi huja na jibu la kukariri, kwamba walowezi walichoshwa na kodi, na kadi hizi huwalazimisha kulitilia shaka jibu hilo. Sheria ya Stempu ya 1765, iliyotoza magazeti, hati za kisheria na hata karata za kuchezea, haikuwapa wanafunzi wangu taabu kuielewa. Iliyowatatiza ni Sheria ya Chai ya 1773, kwa kuwa iliishusha bei ya chai, na bado watu wa Boston walimwaga baharini makasha 342. Binti mmoja ambaye kwao wana duka ndiye aliyelifungua fumbo: kampuni moja ikipendelewa na serikali hata ikauza kwa bei ya chini kuliko wote, wenye maduka wengine watafunga. Mwenzake akaongeza kwamba anayelipa kodi ndogo leo amekwisha kukubali kuwa anayeitoza ana haki ya kuitoza kesho.

Sehemu bora kuliko zote ni kadi za malalamiko, ambazo karibu zote zinamshitaki mfalme mwenyewe kwa maneno "amefanya hivi, amekataa vile". Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kama kodi zilitungwa na Bunge, mbona anayeshitakiwa ni mfalme?" Kijitabu kinalijibu swali hilo vizuri. Kufikia 1774 baadhi ya viongozi wa walowezi walikuwa wakishikilia kwamba Bunge la London, ambamo hawakuwa na mwakilishi, halikuwa na mamlaka yoyote juu yao, na kwamba kamba pekee iliyowafunga na Uingereza ilikuwa utii wao kwa mfalme. Ndiyo maana Julai 1775 walimpelekea ombi la upatanishi, na ndiyo maana alipowatangaza kuwa waasi mwezi uliofuata, bila kulipokea ombi hilo, hapakubaki wa kumlalamikia. Januari 1776 kijitabu cha Thomas Paine kikashambulia ufalme wenyewe, si mfalme mmoja tu. Darasa langu lilipoziweka kadi hizo tatu sambamba, hapakuwa tena na aliyesema kwamba uhuru ulitangazwa kwa sababu ya chai.

Kilichokosekana ni daraja la kuvukia kuja kwetu, hivyo niliandika kadi zangu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alikuwa na baraza la kulisemesha New York, baraza ambalo walowezi wa Amerika hawakuwa nalo. Tena tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Malkia Elizabeth wa Pili aliendelea kuwa mkuu wa nchi hadi Jamhuri ilipotangazwa 9 Desemba 1962. Kutoka chini ya utawala na kuachana na taji, mambo ambayo Philadelphia, mji ambamo Tangazo lilipitishwa, iliyamaliza kwa waraka mmoja, sisi tuliyatenganisha kwa mwaka mzima. Wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajawahi kuyafikiria kama mambo mawili.

Lawama yangu kubwa inahusu watumwa. Kadi inayosema watu wote wameumbwa sawa imepambwa vizuri, lakini hakuna inayoeleza kwamba Jefferson, mwandishi wa rasimu, alimiliki watumwa, wala kwamba Kongresi, mkutano wa wawakilishi wa makoloni, iliifuta aya yake iliyolaani biashara ya watumwa. Katika mwambao huu, ambao misafara ya watumwa iliishia Pangani na Bagamoyo, pengo hilo halifichiki. Lalamiko kwamba mfalme "amechochea uasi miongoni mwetu" limeachwa bila maelezo, ilhali linagusa tangazo la Novemba 1775 la gavana wa Virginia, Dunmore, aliyewaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme. Kwa watu hao uhuru ulikuwa upande wa taji, na kwa mabwana zao ahadi hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kulikimbia. Atakayekinunua kisanduku hiki aiandike kadi hiyo mwenyewe, na aiweke kati ya ombi la Julai na kijitabu cha Paine.