Mafunzo ya akili timamu mahakamani, Mombasa: yanastahili ada yake, lakini nendeni mmesoma kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu

Wenzangu wa wodini na wa magereza wameniuliza kama yale mafunzo ya mwisho wa juma kuhusu tathmini ya akili kwa washtakiwa wenye itikadi kali yanafaa kulipiwa shilingi 6,000. Yanafaa, hasa kwa muuguzi, afisa wa magereza na wakili kijana. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili huku Pwani. Kila wiki nakaa na watu walioletwa na pingu mikononi, tunamsubiri daktari aandike kama wanaweza kusomewa mashtaka. Ada nililipa mfukoni mwangu na waandaaji siwajui.

Ukumbi ulikuwa safi, feni zinafanya kazi, chai ya asubuhi ina mahamri na mbaazi za nazi. Makabrasha yote yalikuwa ya Kiingereza ingawa mkufunzi alifundisha kwa Kiswahili kizuri, na hilo liliwasumbua wasaidizi wa kisheria kutoka Kilifi na Kwale. Cheti kinatolewa. Hayo yatosha.

Kilichonifanya niandike ni zoezi la siku ya kwanza. Mkufunzi aligawa karatasi moja kwa kila meza, haina jina wala nchi. Inamweleza mwanamume wa miaka 32. Mwaka 2006 alirudi kuishi kwa mama yake, akajifungia chumbani muda mrefu akicheza michezo ya kompyuta. Anajiita kamanda wa shirika la siri la mashujaa wa msalaba, na polisi hawakupata dalili kwamba shirika hilo lipo. Anasema ana mamlaka ya kuamua nani aishi na nani afe nchini mwake. Swali chini ya karatasi: mzima au mgonjwa?

Meza nyingi ziliandika mgonjwa kabla chai haijapoa. Meza yetu alikuwapo wakili mmoja mtu mzima, afisa wa gereza, binti wa chuo cha sheria na mimi. Niliwaambia karatasi haina vitu ambavyo ningevitafuta kwanza: analala vipi, anakula vipi, anajibu nini akiulizwa jambo lisilohusu siasa, na askari wanaomfungulia mlango kila asubuhi wanamwonaje. Yule afisa akasema, "Dada, hilo la mwisho hatuulizwi kamwe." Wakili akacheka kidogo, kisha akaliandika.

Ndipo ikaja karatasi ya pili. Mtu yule yule. Amekodi shamba, akaandikisha biashara ya kilimo ili anunue mbolea bila kutiliwa shaka, akachanganya bomu la kilo 950 hivi peke yake. Ameandika waraka wa kurasa zaidi ya 1,500 na kuutuma kwa barua pepe muda mfupi kabla ya kuua. Amevaa sare za polisi. Katikati ya mauaji amewapigia polisi simu kusema anataka kujisalimisha, kisha akaendelea kuua.

Hapo mkufunzi akataja jina: Anders Behring Breivik, Norwe, tarehe 22 Julai 2011. Watu 8 walikufa kwa bomu kwenye majengo ya serikali jijini Oslo, na 69 kwenye kisiwa cha Utøya, wengi wao vijana wa kambi ya chama cha Labour. Aliyasoma hayo polepole, akanyamaza, na hakuna aliyeshika simu.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyolipa ada yangu. Mahakama iliteua madaktari wawili wa akili, Torgeir Husby na Synne Sørheim. Walimhoji mara kadhaa, na Novemba 2011 wakatoa ripoti ya kurasa 243: skizofrenia ya kiparanoia, yaani ugonjwa wa akili wenye hofu na imani zisizo za kweli, na alikuwa amepoteza uhusiano na uhalisia alipoua. Kwa sheria ya Norwe ya wakati ule, mahakama ikikubali ripoti hiyo, hakuna adhabu. Kifungu cha 44 cha sheria yao ya mwaka 1902 kilisema aliyekuwa na saikosisi, yaani aliyepoteza uhusiano na uhalisia, wakati wa tendo haadhibiwi. Hakikuuliza kama ugonjwa ndio uliomsukuma kutenda, wala kama alijua ni kosa.

Nchi ikawaka. Familia za waliouawa zilitaka kujua vipi mtu apange miaka kadhaa kisha aambiwe hakujua alitendalo. Nao wahudumu wa afya ya akili katika gereza la Ila, waliokuwa wakimwona mara kwa mara, hawakuona dalili za saikosisi wala haja ya dawa. Januari 2012 mahakama ikateua madaktari wengine wawili, Terje Tørrissen na Agnar Aspaas. Safari hii, juu ya mahojiano, alichunguzwa usiku na mchana kwa wiki tatu palepale gerezani. Ripoti yao ilitoka siku chache kabla kesi haijaanza Aprili: hana saikosisi, ana matatizo makubwa ya haiba, hasa kujitukuza kupita kiasi.

Nilifurahi sana mkufunzi alipokaa hapo bila haraka. Katika kazi yangu daktari hukutana na mshtakiwa kwa saa moja, pengine mbili, naye mshtakiwa ameshaambiwa na ndugu zake la kusema. Mimi na askari wa zamu tunaona saa nyingine zote. Tunaona kama anazungumza na ukuta hata asipojua anaangaliwa, kama anabadilishana sigara kwa akili, kama anakumbuka siku ya kutembelewa. Daftari la zamu ni ushahidi, na kesi ya Norwe inaonyesha hivyo kwa uwazi.

Kisha kesi yenyewe, ambayo pande zake ziligeuka. Upande wa mashtaka, Svein Holden na Inga Bejer Engh, uliomba apelekwe hospitali, kwa hoja kwamba kuna shaka, na ni vibaya zaidi kumfunga mgonjwa kuliko kumlaza mzima. Wakili wake, Geir Lippestad, aliomba atamkwe ana akili timamu, kwa sababu mteja wake ndivyo alivyotaka. Breivik alikuwa ameandika kwamba kumpeleka mwanaharakati wa kisiasa hospitali ya wagonjwa wa akili ni ukatili kuliko kumuua. Binti wa chuo alimuuliza mkufunzi, "Mwalimu, sasa akitaka kuitwa mzima, si tumemkubalia anachotaka?" Swali zuri, na jibu lilikuwa zuri pia: matakwa ya mshtakiwa hayapimi akili yake, yawe ya kuitwa mgonjwa au ya kuitwa mzima.

Tarehe 24 Agosti 2012 majaji watano, wawili wa taaluma na watatu raia wa kawaida, wakiongozwa na Wenche Elizabeth Arntzen, walikubaliana kwa kauli moja kwamba ana akili timamu. Kifungo cha kinga cha miaka 21, kisichopungua 10, kinachoweza kuongezwa kama bado ni hatari. Hakuna upande uliokata rufaa.

Hoja ya majaji ndiyo niliyoinakili kwa mkono. Madaktari wa kwanza waliyaona maneno yake ya ajabu na hofu yake kwamba Ulaya inatekwa na Waislamu kuwa ishara za ugonjwa. Mahakama ilisikiliza wataalamu wa itikadi kali, wakaeleza kwamba maneno yale na hofu ile vimejaa kwenye mitandao ya mrengo mkali wa kulia; wapo watu wengi wanaoamini hivyo hivyo na hawajawahi kulazwa. Imani inayoshirikiwa na kundi, hata iwe mbovu kiasi gani, haitoshi kuwa dalili ya ugonjwa. Daktari asiyelijua kundi hawezi kutenganisha kilichotoka kichwani mwa mgonjwa na kilichotoka kwa wenzake.

Hili nalishikilia kwa moyo wote. Huku kwetu kijana akikamatwa kwa ugaidi, mama yake huja akilia kwamba kichwa cha mwanawe hakiko sawa, karogwa, kapagawa. Namuelewa mama. Lakini jirani, mwalimu na hata mwandishi wa habari nao husema "mwendawazimu tu yule", na neno hilo linafuta maswali yote: nani alimfundisha, pesa zilitoka wapi, nani alisikia akakaa kimya. Wagonjwa wangu nao wanaumia. Mwenye skizofrenia anayekunywa dawa zake na kuuza ndizi sokoni anaogopwa kwa sababu ya watu wasio na ugonjwa wake. Aliyeua kwa siasa ajibu kwa siasa yake.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni sheria yetu. Ilipewa dakika za mwisho za siku, na kabrasha halikuwa na vifungu vyenyewe. Kwa hiyo someni kabla ya kwenda: kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinachukulia kila mtu ana akili timamu hadi ithibitishwe vingine. Kifungu cha 12 kinauliza kama ugonjwa ulimfanya asiweze kuelewa anachotenda au kujua hapaswi kukitenda. Kuwa mgonjwa peke yake hakutoshi. Tena kuna swali jingine kabisa, la kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai: je, leo hii anaweza kuifuata kesi na kujitetea? Washiriki wengi waliondoka wakiwa bado wanachanganya siku ya tendo na siku ya kizimbani, na hilo ni kosa la ratiba.

Mkufunzi angeweza hata kuunganisha vizuri, maana kifungu cha 12 kina asili yake katika kesi ya kisiasa. Mwaka 1843 jijini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini chama cha Tory, chama cha Peel, kinamwandama. Alionekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, akafungiwa hospitali hadi kufa kwake mwaka 1865. Ghadhabu ya watu juu ya hukumu hiyo ndiyo iliyowafanya majaji waweke kanuni ambazo wakoloni walituletea.

Kasoro ya pili inaniuma zaidi. Dimitri Tsafendas alipewa slaidi moja. Huyu alizaliwa Msumbiji, baba Mgiriki, mama Mwafrika, na tarehe 6 Septemba 1966 alimuua kwa kisu Hendrik Verwoerd, waziri mkuu wa ubaguzi wa rangi, ndani ya bunge la Cape Town. Aliwaambia polisi kwamba alikuwa na sababu za kisiasa. Mahakamani kilichosikika ni habari ya mnyoo tegu ambaye Tsafendas alidai yumo tumboni mwake. Jaji Andries Beyers akaamua hawezi kushtakiwa, na Tsafendas akafungiwa bila hukumu, miaka mingi akiwa gereza la Pretoria, hadi alipohamishiwa hospitali ya Sterkfontein mwaka 1994. Alifariki 1999. Kwa serikali ile, muuaji mwendawazimu alikuwa afadhali kuliko Mwafrika mwenye hoja. Norwe inatufundisha kutomwita mgonjwa mtu wa itikadi kwa sababu tumechukizwa naye. Tsafendas anatufundisha kwamba serikali inaweza kulitaka neno hilo kwa faida yake. Kesi ya Mwafrika haikustahili slaidi moja.

Maswali ya mwisho yalikwenda Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikufa kwa kufunga kula, ilivyotarajiwa, kwani wengi wetu tuliguswa na kazi ile moja kwa moja. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Januari 2024 mahakama iliagiza Mackenzie na wenzake wapimwe akili kabla ya kusomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191, na Februari wakakana mashtaka huko Malindi; mmoja wa kundi hilo alionekana hawezi kusomewa mashtaka kwa hali yake. Mkufunzi alikataa kuwazungumzia kwa majina maana kesi inaendelea, nami namuunga mkono. Alichotukumbusha ni kwamba kila mmoja wao alipimwa peke yake. Kundi halipimwi akili.

Wakili wetu mtu mzima hakuridhika. Alisema mafunzo yanaegemea upande mmoja, kana kwamba kila mwenye itikadi ni mzima. Mkufunzi akamjibu kwa Kongsberg, Norwe hiyo hiyo: Oktoba 2021 mtu aliwaua watano, polisi wakashuku kwanza ugaidi wa kidini, na mwisho mahakama ikakubali kwamba ni mgonjwa na kumpeleka matibabuni. Kesi hiyo ilihukumiwa baada ya sheria yao kuandikwa upya mwaka 2020, na kuwapa majaji nafasi pana ya kupima hali ya mtu kuliko jina la ugonjwa. Wakili aliandika tarehe, akasema, "Haya, hapo nimekuelewa."

Waandaaji nimewaandikia ombi hili: vifungu vya Kenya asubuhi ya kwanza kabla ya Norwe, makabrasha ya Kiswahili, asubuhi nzima kwa Tsafendas, na askari wa magereza wapunguziwe ada. Awamu ijayo ni baada ya Ramadhani na nafasi hujaa haraka. Kaeni meza moja na afisa wa gereza mkiweza.