Nyumba ya magurudumu Ufaransa na watoto wadogo: uzoefu wangu, kutoka Lubumbashi

Wengi mmeniuliza kama ningekodi tena, basi nianze na jibu, maana ndilo mnalolitaka: ningekodi tena nyumba ya magurudumu, ila si katika kempingi ile, yaani uwanja wa likizo tuliofikia. Nyumba yenyewe naipa nne juu ya tano. Kempingi naipa mbili, na hiyo ya pili ni kwa sababu ya bahari, ambayo si wao walioiweka pale.

Kwa asiyezijua, ni nyumba nyepesi iliyojengwa juu ya magurudumu lakini haiendi popote. Imesimamishwa kwenye kiwanja chake, maji na umeme vimeungwa, na sheria ya Ufaransa inataka isizidi mita za mraba 40. Ndani mna vyumba, jiko la gesi, friji na bafu. Mnapika wenyewe. Hapo ndipo inapoishinda hoteli, kwa mtu mwenye watoto wanaoamka alfajiri wakidai uji.

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Bruxelles, Ubelgiji, naye ndiye aliyetafuta nafasi huko Vendée, upande wa Atlantiki. Sisi tulitoka Lubumbashi na ndege ya Ethiopian kupitia Addis Ababa: mimi, mume wangu na watoto watatu. Wa kwanza ameshaanza shule ya msingi, wa pili yuko maternelle (chekechea), wa mwisho anatambaa.

Karatasi kwanza. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa hiyo ingawa likizo yenyewe ilikuwa Ufaransa, sisi tuliomba ya Ubelgiji, kwa sababu tulikuwa tunakaa kwa yaya muda mrefu kuliko baharini. Mtu mzima analipa euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipa 45, chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa kila mtu, hata huyo anayetambaa. Faili linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msingoje wiki za mwisho. Kadi ya njano ya kila mtoto mwenye umri wa kuchanjwa homa ya manjano, yaani kuanzia miezi 9, iwe mkononi, si ndani ya sanduku. Na hili wengi hawalisemi: mtoto akipata homa kule, mwambieni daktari mapema kwamba mmetoka Kongo, apime malaria. Daktari wa kule anaona mafua kila siku, malaria haimjii haraka kichwani.

Kutoka Bruxelles hadi Vendée ni zaidi ya kilomita 700 za barabara. Yaya alitaka tujipange wote kwenye gari lake dogo, mtoto mmoja magotini kama tunavyofanya tukienda Likasi. Huko haiwezekani. Ubelgiji mtoto asiyefikia mita 1.35 anakaa kwenye kiti chake maalum, na Ufaransa sheria inawashika wote walio chini ya miaka 10. Viti vitatu vya watoto havienei nyuma ya gari la kawaida. Tulikodi gari la viti saba, na hiyo bei haikuwamo katika hesabu ya kwanza ya mtu yeyote.

Sasa nyumba. Tangazo lilisema "watu sita", na sisi tulikuwa sita pamoja na yaya. Hesabu yao ni hii: chumba cha wazazi watu wawili, chumba cha watoto vitanda viwili vyembamba, halafu watu wawili wanaobaki ni kile kiti kirefu cha sebuleni kinachokunjuliwa usiku. Yaya, mwenye nyumba yake na heshima zake, alilala hatua mbili kutoka kwenye friji na akaamshwa na kila aliyetaka maji. Mkiwa sita, tafuteni yenye vyumba vitatu. Na kama chumba cha watoto kina kitanda cha juu, kile si cha mtoto aliye chini ya miaka 6. Imeandikwa hivyo, na ni kweli.

Sakafu inatikisika. Mtoto akikimbia kutoka chumbani hadi mlangoni, vikombe vinagongana kabatini. Ukisonga bukari, yaani ugali, nyumba nzima inajua kwamba mama anasonga.

Bukari nitaisema kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyookoa likizo yetu. Sufuria za mle ndani ni nyepesi kama karatasi: ukianza kusonga, sufuria inazunguka na mwiko, na mwiko wenyewe haupo, kuna kijiti cha plastiki cha kugeuzia mayai. Mume wangu alishika sufuria kwa taulo pande zote mbili huku mimi nikisonga, na majirani Waholanzi wakatuangalia kutoka barazani kwao kama watu wanaotazama mpira. Bebeni mwiko, na sufuria moja nzito. Unga si lazima utoke Lubumbashi: Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika pale Bruxelles, unga upo, sombe (majani ya muhogo) ipo, samaki wakavu wapo. Nyama na maziwa msijaribu kupitisha uwanja wa ndege, haviruhusiwi. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2 yakiwa kwenye kopo lake lililofungwa.

Mbabula, lile jiko la mkaa, sahauni. Kempingi nyingi za Ufaransa zimekataza makala (mkaa) kwa kuogopa moto wa misitu, na yetu pia. Gesi na umeme vinaruhusiwa. Kuku wa kuchoma kwa umeme ni kuku, lakini msimngojee yule mnayemjua.

Mashuka na taulo mara nyingi havimo katika bei. Mnakuta mito na blanketi tu. Wanavikodisha, kwa bei isiyopendeza. Mimi nilibeba vitenge. Kitenge kilikuwa shuka, kikawa taulo la ufukweni, kikawa pazia mchana ili mdogo alale. Pazia linahitajika kweli, kwa sababu mwezi wa saba jua la huko linazama kama saa nne usiku. Watoto wetu wamezoea giza la saa kumi na mbili. Wa pili alikuwa ananijibu, "Mama, bado ni mchana," na sikuwa na hoja. Nguo za baridi walizovaa wakitoka Lubumbashi wakati wa kipupwe zilitumika vilevile jioni, upepo wa bahari una meno.

Bafu ni la kusimama tu, hivyo nunueni beseni kwa ajili ya mdogo. Kitanda cha mtoto na kiti cha kulia viombeni kwa maandishi, tena siku chache kabla piga simu. Na omba picha ya baraza. Baraza letu lilikuwa na uzio pande zote, halafu pale penye ngazi hakuna kijilango. Kwa mtoto anayetambaa, uzio wa namna hiyo ni mapambo. Tuliziba kwa sanduku kubwa, na kila mtu mzima akawa analiruka akiwa na kahawa mkononi.

Kwenye bwawa, wanaume wengi watakasirika: kaptula pana hairuhusiwi, inatakiwa ile nguo ya kuogelea inayobana. Mume wangu alirudishwa mlangoni mbele ya watoto wake, akaenda kununua dukani kwa kempingi. Rangi iliyobaki ilikuwa ya chungwa.

Bahari yenyewe sina la kulalamika. Inapokupwa inakwenda mbali, inaacha mchanga mpana na vidimbwi vya uvuguvugu ambamo mdogo alikaa saa nzima. Tulikwenda pia kuona Passage du Gois, barabara ya kama kilomita 4 ya kwenda kisiwa cha Noirmoutier, ambayo bahari ikijaa inaifunika kabisa. Someni ratiba ya maji kabla ya kuteremka pale na gari.

Kilichoniudhi ni mapokezi. Friji ilikuwa haifungi vizuri, tukawaambia siku ile ile, nao wakawa wanasema "kesho" kwa tabasamu, hadi maziwa yakaharibika. Lakini siku ya kuondoka hawakuchelewa: kabla ya saa nne asubuhi msichana alikuwa mlangoni na karatasi, anahesabu vijiko, anainama kuangalia chini ya vitanda, kwa sababu dhamana inarudi baada ya ukaguzi na usafi ni juu yenu. Tulipofika, yaya alipiga picha kila kona, pamoja na mlango wa friji na meza iliyokuwa na mkwaruzo. Msichana alipougusa ule mkwaruzo kwa kidole na kuandika kitu, yaya alimwonyesha simu, tarehe na saa. Dhamana ilirudi yote.