RG-58, RG-213 au LMR-400: Kebo Ipi Ipande Kwenye Antena?

Antena yangu ya redio ya megahezi 144 ililishwa kwa mita 30 za RG-58, kebo nyembamba yenye waya wa kati uliozungukwa na plastiki na wavu wa shaba, na kwa muda mrefu sikuona sababu ya kuilaumu kebo hiyo, kwa kuwa mita ya SWR, inayoonyesha ni kiasi gani cha mawimbi kinarudi badala ya kutoka (1 kwa 1 ndiyo bora), ilisoma 1.5 kwa 1 kila nilipobonyeza kitufe cha kurusha. Nilipochoka kuita bila kujibiwa nikapanda mlingoti, nikakuta maji yameingia kwenye plagi, wavu wa shaba umekuwa mweusi na waya wa kati umekatika kabisa. Mita haikuwa mbovu. RG-58 ya urefu huo hupoteza takriban desibeli 6 katika masafa hayo, yaani hufikisha juu robo tu ya nguvu, na mawimbi yanayogonga ncha iliyokatika hupoteza nyingine 6 yakirudi. Kwa hiyo hata kebo kavu isiyofungwa kitu chochote juu isingeonyesha zaidi ya 1.7 hivi, na maji nayo yaliongeza upotevu na kuipendezesha namba. Tangu siku hiyo naihukumu kebo kwa kile kinachofika juu.

Kwa kigezo hicho, wati 50 zikiingia kwenye mita 30 za RG-58 katika megahezi 144, zinazotoka ni 12 au 13. RG-213, yenye unene wa milimita 10.3, hufikisha wati 27 hivi, ilhali LMR-400, yenye unene uleule, hufikisha karibu 35. Tofauti ya hizi mbili imo ndani: RG-213 imejazwa plastiki isiyo na matundu, wakati LMR-400 imejazwa povu, jambo linaloruhusu waya wa kati kuwa mnene zaidi bila kuvuruga omu 50 ambazo redio na antena huzitarajia kwenye kebo, tena chini ya wavu wake kuna karatasi ya alumini inayofunika pote. Ukipanda hadi megahezi 430 pengo huongezeka: RG-213 hupoteza desibeli 5 hivi katika urefu uleule, LMR-400 chini ya 3. RG-58 huko nisingeipeleka.

Hata hivyo, LMR-400 ina ukaidi wake. Waya wake wa kati ni alumini iliyopakwa shaba, tena ni mmoja mzito na si nyuzi nyingi, kwa hiyo haipendi kukunjwa mara kwa mara. Ukiikunja kwa pembe kali, au ukikawia na kikanza wakati wa kulehemu plagi, povu hulegea na waya huhama kutoka katikati. Ndiyo maana kwenye mota inayozungusha antena naweka kitanzi cha RG-213, ambayo nyuzi zake za shaba huvumilia kupindwa.

Katika masafa ya chini mizani hubadilika. Kwenye megahezi 7, mita 30 za RG-58 hupoteza desibeli 1 hivi na RG-213 karibu nusu yake, tofauti ambayo sikio halitaitambua. Hesabu hiyo ni ya antena iliyolingana na kebo. Anayelazimisha antena ya waya yenye SWR kubwa kwa kifaa cha kulinganisha kilichoko mezani atapoteza zaidi, na anayerusha kilowati moja aiache RG-58 kabisa. Kebo nyingine, RG-8X, iko katikati ya RG-58 na RG-213, nyepesi na rahisi kupitisha dirishani.

Jina lililochapwa kwenye ganda pia si dhamana. Niliwahi kuchuna kipande kilichoandikwa RG-58 nikaona plastiki nyeupe ikichungulia kati ya nyuzi za wavu, ilhali wavu mzuri huifunika kwa takriban asilimia 95. Kabla ya kununua, omba kukatiwa kipande kifupi ukichune mwenyewe.

Kwangu sasa LMR-400 ndiyo inayopanda mlingoti, plagi zake zimezungushiwa utepe wa mpira unaojishika, na RG-58 iliyosalia nimeikata vipande vya mita moja vya kuunganishia vifaa mezani.