title() ya Python na majina yetu: iondoeni

Orodha nzima ya wanafunzi imechapishwa ikiwa na Okong'O, Ong'Om na St. Mary'S. Chanzo ni amri moja tu ya Python, lugha ya kuandikia programu: jina.title(), inayokuza herufi ya kwanza ya kila neno na kuzifanya nyingine ndogo. Jina la mtu kwenye cheti si kitu cha kuchezewa!

Kwa title(), neno ni mfululizo wa herufi. Ritifaa (') si herufi, kwa hiyo ikifika hapo inaona neno limekwisha, na herufi inayofuata inakuzwa. Ng'ombe anakuwa Ng'Ombe. Kinachoniudhi hasa ni istitle(), amri inayokagua kama maneno yameandikwa kwa mtindo wa title(). Ipe "Ng'ombe", inajibu False. Ipe "Ng'Ombe", inajibu True! Anayekagua majina kwa istitle() anapitisha kosa na kukataa jina sahihi.

Maelezo rasmi ya Python yanalitaja tatizo hili na kutoa dawa ya re.sub, amri inayotafuta vipande vya maandishi vinavyofuata muundo fulani na kuvibadilisha. Muundo wenyewe ni huu:

[A-Za-z]+('[A-Za-z]+)?

Dawa yenyewe ni ya Kiingereza. Alama ya kuuliza pale mwishoni inaruhusu ritifaa moja, basi ng'ang'a anatoka Ng'ang'A. Nayo [A-Za-z] haiijui ŋ ya Luganda: eŋŋaali inatoka EŋŋAali. Hapo title() naisifu, maana ŋŋonge inaigeuza Ŋŋonge vizuri kabisa.

string.capwords(), amri nyingine ya Python ya kukuza herufi ya kwanza ya kila neno, ni nafuu. Inakata kwenye nafasi tu, Okong'o anabaki mzima, na nafasi zilizorudiwa zinakuwa moja. Ningeipendekeza, lakini akello-atim inakuwa Akello-atim, Mutebi II anakuwa Mutebi Ii, UNEB (baraza la mitihani la Uganda) inakuwa Uneb. Hapana, peke yake haifai.

Tumieni hii:

re.sub(r"[^\W\d_]+(?:['’][^\W\d_]+)*", lambda m: m.group().capitalize(), jina)

Nyota inakubali ritifaa zote, [^\W\d_] ni herufi yoyote, hata ŋ, capitalize() inakuza herufi ya kwanza ya kipande na kuzifanya nyingine ndogo, na ’ iliyopinda imo kwa sababu simu na Word huiweka zenyewe. Jina la kistari linakuzwa pande zote mbili. II, UNEB na D'Souza bado zitaharibika. Ziwekeni kwenye orodha ya maneno yasiyoguswa, na orodha hiyo iangaliwe kabla ya capitalize(). Na jina lililoingia likiwa na herufi kubwa na ndogo tayari, liacheni kama mwenyewe alivyoliandika. Rekebisheni yaliyoandikwa yote kwa kubwa au yote kwa ndogo.

Nilitaka kusema title() inatosha kwa orodha isiyo na ritifaa. Lakini ni orodha gani hiyo hapa Uganda, yenye watu wa Tororo, Lira na Mbale, utakayoapa haina hata moja? Kwenye mfumo wowote wa majina ya watu, iondoeni.